MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: MAJINA YA KISAYANSI YA VIUMBE VYA MAJINI NA NJIA YA MISAFARA YA TABORA

1. Madhumuni

Maelezo haya yanakusudiwa kuwafahamisha watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla juu ya namna viumbe vya majini vinavyopewa majina ya kisayansi, namna vinavyopangwa katika makundi yao, na sababu zinazofanya majina hayo yabadilike. Suala hili huonekana kuwa ni la wataalamu peke yao. Hata hivyo, majina hayo huingia katika barua za ofisi, vibali vya kukusanya sampuli, hati za kusafirisha mwani, taarifa za uvuvi na vitabu vya skuli. Jina likiandikwa isivyo, au likiachwa bila ya maelezo, kumbukumbu inayotunzwa leo huja kumpotosha yule atakayeifungua miaka 50 ijayo.

Mfano uliochaguliwa ni wa Ziwa Tanganyika na njia ya zamani ya misafara iliyopita Tabora. Mfano huu unafaa kwa sababu mbili. Kwanza, njia hiyo ilianzia katika visiwa hivi na mwambao unaovielekea, na watu wa Unguja waliifahamu kuliko njia nyingine yoyote ya bara. Pili, mwisho wa njia hiyo, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka pwani, kulipatikana viumbe wa maji baridi waliofanana mno na wa baharini, hata wataalamu wa Ulaya wakabishana kwa miaka mingi kama ziwa hilo liliwahi kuwa bahari. Baada ya mfano huo yatafuata maelezo juu ya diatomu, viumbe wadogo kabisa wenye maganda mithili ya kioo, ambao kwao tatizo la kufanana ni kubwa zaidi.

2. Njia ya Tabora na makome ya mwaka 1858

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Unguja ilivuka kwenda Bagamoyo au bandari za jirani, ikapita Ugogo na kuingia Unyamwezi. Katika Unyanyembe, mahali ulipo mji wa Tabora leo, njia ziligawanyika: moja ikielekea magharibi hadi Ujiji penye Ziwa Tanganyika, nyingine zikielekea kaskazini na kusini. Biashara kubwa ilikuwa ya pembe za ndovu na watumwa. Nguo, shanga na waya vikipanda bara. Mizigo hiyo ilichukuliwa kwa kiasi kikubwa na wapagazi wa Kinyamwezi, ambao walikuwa wakisafiri na kufanya biashara hadi pwani kwa hesabu yao wenyewe.

Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Unguja mwezi wa Juni 1857 na kufuata njia hiyo. Msafara wao uliongozwa na Said bin Salim, na miongoni mwa watu wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay. Walifika Kazeh, kituo cha wafanyabiashara karibu na Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara Snay bin Amir. Tarehe 13 Februari 1858 waliliona Ziwa Tanganyika. Huko Speke aliokota makome, nayo yakarudishwa pwani kwa njia ile ile ya Tabora, kisha yakapelekwa London.

Mwaka 1859 Samuel Pickworth Woodward wa British Museum alitangaza maelezo ya aina nne za makome hayo. Mbili zilikuwa za chaza wa maji baridi na mbili za konokono wa majini. Majina aliyoyatoa, na yanayotumika hivi sasa kwa viumbe hao hao, ni haya:

(a) Iridina spekii, ambaye sasa huitwa Pleiodon spekii;
(b) Unio burtoni, ambaye sasa huitwa Grandidieria burtoni;
(c) Lithoglyphus zonatus, ambaye sasa huitwa Spekia zonata;
(d) Melania nassa, ambaye sasa huitwa Lavigeria nassa.

Katika majina hayo manne mna mafunzo kadhaa. Jina la kisayansi lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya jenasi, yaani ukoo mdogo wa viumbe vinavyohusiana. Sehemu ya pili ni ya spishi, yaani aina yenyewe. Katika orodha hii sehemu ya pili imebaki ilivyokuwa mwaka 1859, na kilichobadilika ni ile ya kwanza. Hii ndiyo kanuni: mtaalamu anapoona kwamba kiumbe kiliwekwa katika jenasi isiyokuwa yake, hukihamishia penye jenasi yake, lakini jina la spishi hulihama pamoja nacho.

Neno zonatus limekuwa zonata kwa sababu Kilatini, kama Kiswahili, hutaka upatanisho. Mswahili husema mti mzuri lakini nyumba nzuri. Vivyo hivyo, sifa ya Kilatini hufuata jinsia ya jina la jenasi. Mabadiliko ya namna hiyo si jina jipya, na karani hapaswi kuyahesabu kuwa ni spishi mbili.

Neno nassa nalo ni la Kilatini, na maana yake ni chombo cha kusukwa cha kutegea samaki, yaani kitu cha jamii ya dema. Wataalamu walikwisha kulitumia kwa konokono wa baharini wenye makombe yaliyofumika kama dema. Kwa hiyo jina alilopewa konokono wa Tanganyika lilibeba mfano wa kiumbe wa baharini tangu siku ya kwanza. Mfano huo ndio uliozaa mjadala mrefu.

Ieleweke pia kwamba majina haya yanawataja Speke, Burton, mtaalamu wa Kifaransa Alfred Grandidier na Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe ambalo wamisionari wake waliitumia njia ya Tabora. Hakuna hata moja linalomtaja mpagazi aliyebeba sanduku la makome hayo kutoka Ujiji hadi pwani, wala mvuvi wa ziwani. Kanuni haziruhusu kulibadilisha jina lililotolewa kwa sababu ya upungufu huo. Kinachowezekana ni kuandika kumbukumbu za sampuli mpya kwa ukamilifu zaidi, kama itakavyoelezwa mwishoni.

3. Konyeza wa Tanganyika na dhana ya bahari ya kale

Wasafiri waliofuata waliongeza mashaka. Edward Coode Hore wa London Missionary Society, aliyefika Ujiji mwaka 1878, alipeleka Ulaya makome mengine. Mwaka 1880 Edgar Smith alimpa mmoja wa konokono hao jina la Tiphobia horei. Kombe lake lina miiba mirefu, jambo ambalo watu walilizoea kwa makombe ya baharini.

Mwaka 1880 Mjerumani Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama, alipitia Unguja pamoja na wenzake na kuelekea Unyamwezi, ambako walifanya kituo kusini ya Tabora. Mwaka 1883 Böhm alifika ziwani na kumwona konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu. Kila mvuvi wa Unguja na Pemba anamjua konyeza kuwa ni mnyama wa baharini. Kuonekana kwake katika ziwa la maji baridi lilikuwa jambo la ajabu. Böhm alifariki mwaka 1884 huko Katanga kabla ya kukamilisha kazi yake. Mwaka 1893 R. T. Günther alimtolea konyeza huyo jina la jenasi la Limnocnida. Hadi leo jina lake la spishi huonekana katika maandishi kwa tahajia mbili, tanganyicae na tanganjicae, kwa kuwa jina la ziwa liliandikwa na Waingereza na Wajerumani kila mmoja kwa hati yake. Mtumishi anayetafuta taarifa za kiumbe huyu hana budi kuzitazama tahajia zote mbili.

Kutokana na konyeza huyo na makome yale, Mwingereza J. E. S. Moore, baada ya safari mbili za utafiti ziwani, alichapisha kitabu mwaka 1903 akidai kwamba Ziwa Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Alilinganisha makome ya ziwani na makombe ya baharini ya enzi ya Jurasiki yaliyogeuka mawe, akaona yanafanana, akahitimisha kwamba bahari hiyo iliwahi kuingia hadi katikati ya Afrika na kuwaacha viumbe wake humo.

4. Dhana hiyo ilivyopimwa

Dhana ya Moore ilikuwa na uzito, kwa sababu ilitokana na vitu vilivyoonekana kwa macho. Kwa hali hiyo ilihitaji kupimwa kwa vitu hivyo hivyo. Msafara mwingine wa utafiti, ulioongozwa na W. A. Cunnington katika miaka ya 1904 na 1905, ulikusanya viumbe wa kila namna, na mwaka 1920 Cunnington alichapisha maoni yake kwamba ushahidi wa bahari ya kale haukutosha. Wataalamu waliopasua na kuchunguza viungo vya ndani vya konokono hao, na baadaye waliosoma vinasaba vyao, waliwapanga katika koo za konokono wa maji baridi.

Umri wa ziwa nao ulitoa jibu. Makadirio yanayokubaliwa na wengi yanasema bonde la Ziwa Tanganyika lilianza kufanyika kiasi cha miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita. Enzi ya Jurasiki ilimalizika kiasi cha miaka milioni 145 iliyopita. Ziwa haliwezi kuwa mabaki ya bahari iliyokauka zamani kiasi hicho kabla ya bonde lenyewe kuwapo.

Lilibaki swali la makome mazito na yenye miiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 na Kelly West, Andrew Cohen na Michael Baron ulionyesha kwamba kaa wa Tanganyika wana magando yenye nguvu ya kuvunja makome, na kwamba konokono wa huko wana makome mazito yanayoyahimili magando hayo. Baharini nako kuna kaa na samaki wanaovunja makombe. Adui wa namna moja huzaa kinga ya namna moja, hata kama wenye kinga hiyo hawana ujamaa. Ngalawa na jahazi zote huwa na tanga kwa sababu zote hutumia upepo. Tanga peke yake si ushahidi kwamba zimetoka katika kiwanda kimoja.

Kuhusu konyeza, ni kweli kwamba ukoo wake una jamaa walio baharini. Lakini konyeza wa jenasi hiyo walionekana baadaye katika maji mengine ya Afrika, pamoja na Ziwa Viktoria. Ukoo wenye asili ya baharini unaweza kuingia katika maji baridi na kuenea humo bila ya ziwa lenyewe kuwa bahari.

Fundisho la sehemu hii ni moja: kufanana kwa sura ni sababu ya kuchunguza, si cheti cha ujamaa. Fundisho hilo ndilo linaloongoza upangaji wa diatomu.

5. Diatomu ni kitu gani

Diatomu ni mwani wa seli moja. Nyingi zina ukubwa wa kati ya sehemu 2 na sehemu 200 za milimita iliyogawanywa mara 1,000, kwa hiyo haziwezi kuonekana moja moja kwa macho. Zinapokuwa nyingi huonekana kama utelezi wa rangi ya kahawia juu ya mawe, kamba na miti ya mashamba ya mwani. Hupatikana baharini, mtoni, ziwani na hata kwenye udongo wenye unyevu. Inakadiriwa kwamba kiasi cha sehemu moja katika tano ya chakula chote kinachotengenezwa na mimea na mwani duniani kwa nguvu ya jua hutengenezwa na diatomu. Dagaa na samaki wengine wadogo hutegemea viumbe ambao chakula chao ni diatomu na mwani mwingine wa namna hiyo.

Kinachoitambulisha diatomu ni ganda lake. Ganda hilo ni la silika, madini yale yale yanayofanya kioo, nalo lina vipande viwili vinavyoingiana kama mkebe na kifuniko chake. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kukatwa sehemu mbili. Juu ya ganda kuna vitundu, mistari na mirija midogo iliyopangwa kwa utaratibu maalumu kwa kila spishi. Seli ikifa, ganda huzama na kubaki katika tope kwa maelfu ya miaka. Huko Kariandusi, Kenya, maganda ya namna hiyo yamejikusanya katika tabaka nene jeupe linalochimbwa kwa matumizi ya viwandani.

Upangaji wa diatomu umepita hatua nyingi. Mjerumani Christian Gottfried Ehrenberg, aliyeeleza idadi kubwa ya diatomu katika karne ya 19, aliziona kuwa ni wanyama, maana baadhi yake hutembea. Mwenzake Friedrich Kützing, katika kitabu chake cha mwaka 1844, aliziweka katika mwani. Leo inafahamika kwamba zina ujamaa wa karibu na mwani wa kahawia kuliko mwani mwekundu unaolimwa Unguja na Pemba, na ziko mbali zaidi na mimea ya nchi kavu.

Kuna jambo jingine linaloleta matatizo ya majina. Seli ya diatomu inapogawanyika, kila mtoto huchukua kipande kimoja cha ganda la mzazi na kujitengenezea kingine cha kuingia ndani yake. Aliyerithi kipande kidogo huwa mdogo kuliko mzazi wake. Vizazi vikiendelea, sehemu ya kundi huzidi kupungua, hadi ufike wakati wa kujamiiana ambapo seli kubwa huanza upya. Kwa hiyo spishi moja huweza kuonekana kwa ukubwa mbalimbali na hata kwa umbo lililobadilika kidogo. Watafiti wasiolifahamu jambo hili waliweza kutoa majina mawili au matatu kwa kiumbe kimoja.

6. Diatomu yenye jina la bahari katika ziwa la bara

Mnamo mwaka 1938 Hans Bachmann wa Uswisi alichapisha maelezo ya mwani wa maziwa ya Afrika ya Mashariki. Miongoni mwa alizozieleza ni diatomu ya mviringo aliyoiita Coscinodiscus rudolfii. Jenasi Coscinodiscus ina diatomu nyingi za baharini zenye umbo la sahani lililojaa vitundu kama chekeche. Kwa hadubini ya kawaida, diatomu hiyo ya ziwani ilionekana kuwa mmoja wao.

Ilipopatikana hadubini ya elektroni, wataalamu waliweza kuona mirija midogo iliyopenya ganda. Diatomu za jenasi Thalassiosira zina mirija ya namna ya pekee inayotoa nyuzi nyembamba za kuunganisha seli moja na nyingine. Coscinodiscus hazina mirija hiyo. Mwaka 1978 Grethe Hasle wa Norway alichapisha uchunguzi wa spishi za maji baridi na ya chumvichumvi, akaihamisha diatomu ya Bachmann. Tangu hapo huandikwa Thalassiosira rudolfii (Bachmann) Hasle.

Mabano hayo yana maana. Jina lililomo ndani ya mabano ni la aliyeitaja spishi mara ya kwanza. Jina lililo nje ni la aliyeihamisha. Anayeyaona mabano hujua papo hapo kwamba kuna jina la zamani la kutafutwa katika vitabu vya kabla ya mwaka 1978.

Thalassiosira, jina lililotolewa na Per Teodor Cleve wa Sweden mwaka 1873, linatokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya bahari na mnyororo. Spishi zake nyingi ni za baharini. Hata hivyo, jina hilo halisemi kwamba Ziwa Turkana ni bahari, kama vile nassa haikuligeuza Ziwa Tanganyika kuwa bahari. Jina la jenasi hueleza ujamaa uliothibitishwa kwa muundo, na si makazi ya kila mmoja wa jamaa hao.

Sehemu ya pili ya jina nayo ina historia. Ziwa lililoitwa Rudolf na wasafiri wa Ulaya mwaka 1888 lilipewa rasmi jina la Turkana mwaka 1975. Ziwa lilibadilishwa jina na Serikali. Diatomu haikubadilishwa, kwa kuwa kanuni za kisayansi haziruhusu jina la spishi kufutwa kwa sababu mahali pamebadilishwa jina. Kwa hiyo mtu anayesoma rudolfii hana budi kujua kwamba neno hilo linamwelekeza Turkana.

7. Jinsi jina linavyotolewa

Majina ya mwani, pamoja na diatomu, husimamiwa na kanuni za kimataifa za majina ya mwani, kuvu na mimea. Wanyama wana kanuni zao mbali. Kwa kifupi, anayetaka kutoa jina kwa diatomu anapaswa kufanya yafuatayo:

(a) Kuilinganisha na spishi zilizokwisha kutajwa, ili ahakikishe kwamba haina jina tayari. Jina lililotangulia kutolewa kwa taratibu halali ndilo lenye haki.

(b) Kuandika maelezo ya umbo na vipimo vyake, na kutoa picha. Tangu mwanzo wa mwaka 1958 hadi mwisho wa mwaka 2011 maelezo ya mwani yalitakiwa yawe kwa Kilatini. Tangu Januari 2012 yanaweza kuwa kwa Kilatini au Kiingereza.

(c) Kuweka kielelezo cha asili, ambacho kwa diatomu mara nyingi ni kipande cha kioo kilichopakwa maganda hayo, katika makumbusho au taasisi inayojulikana, na kutaja mahali kilipochukuliwa.

(d) Kuyachapisha hayo yote hadharani.

Sharti la tatu ndilo nguzo. Jina limefungwa na kielelezo chake kama hati ya shamba ilivyofungwa na mipaka yake. Watu wakibishana miaka 100 baadaye, hawabishani juu ya kumbukumbu ya mtu. Hukitoa kielelezo na kukitazama upya. Hasle hakuweza kuihamisha diatomu kwa rai tupu, alionyesha mirija.

8. Kwa nini jambo hili lina uzito

Faida ya haya inaonekana pale orodha za zamani zinapolinganishwa na za sasa. Mwaka 1907 G. S. West alichapisha taarifa ya mwani, pamoja na diatomu, uliokusanywa katika msafara wa Cunnington. Mwaka 1993 Christine Cocquyt, Wim Vyverman na Pierre Compère walichapisha orodha ya mwani wa Maziwa Makuu ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1998 Cocquyt alitoa kitabu juu ya diatomu za upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika. Kazi za namna hiyo huweka pamoja majina ya zamani na mapya ya kila spishi.

Bila ya kazi hiyo, msomaji wa taarifa ya mwaka 1907 angeweza kuliona jina ambalo halimo katika taarifa ya leo, akasema spishi hiyo imetoweka; kumbe imehamishiwa jenasi nyingine. Vilevile angeweza kuliona jina jipya akadhani mgeni ameingia ziwani. Katika mambo yote mawili angekuwa ametoa habari ya mabadiliko ambayo hayakutokea.

Kosa la namna hiyo si dogo kwa ziwa ambalo kweli linabadilika. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha utafiti uliokadiria kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza chakula kinachotengenezwa na mwani wa Ziwa Tanganyika kwa kiasi cha asilimia 20, na kwamba hali hiyo ingeweza kumaanisha upungufu wa samaki wa kiasi cha asilimia 30. Wakaazi wa Kigoma, Ujiji na mwambao wote wa ziwa hutegemea dagaa na migebuka. Dagaa hao husafirishwa kwa reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na huuzwa mbali na ziwa. Kutenganisha mabadiliko ya kweli na mabadiliko ya majina ni sehemu ya kulinda chakula cha watu hao.

Hapa visiwani mfano ulio karibu ni wa mwani unaolimwa. Mwani ambao biashara inauita kotoni uliandikwa zamani kuwa ni Eucheuma cottonii. Hivi sasa mwani wa aina hiyo unaolimwa hutambulikana kuwa ni Kappaphycus alvarezii, na ule unaoitwa spinosamu ni Eucheuma denticulatum. Kotoni na spinosamu hazina bei moja, na haziyahimili maji ya joto kwa namna moja. Taarifa inayoandika Eucheuma peke yake, bila ya neno la pili, haimwelezi msomaji ni mwani upi uliopandwa, uliokufa au uliosafirishwa.

9. Mambo ya kuzingatia katika kumbukumbu

Kutokana na maelezo hayo, ni vyema watumishi na wananchi wanaoshughulika na viumbe vya majini wakazingatia mambo yafuatayo:

(a) Jina la kisayansi liandikwe kwa sehemu zake zote mbili. Jenasi ianze kwa herufi kubwa na spishi kwa herufi ndogo, na jina lote lipigwe mstari au liandikwe kwa herufi za mlazo.

(b) Jina linapobadilika, la zamani lisifutwe katika jalada; liandikwe pembeni ya jipya pamoja na mwaka wa mabadiliko.

(c) Mahali paandikwe kwa jina linalotumika sasa na, pale panapohusika, jina la zamani. Aliyeandika Kazeh hana budi kueleweka na anayeijua Tabora.

(d) Kila sampuli iwe na tarehe, kina cha maji na jina la aliyeikusanya, pamoja na mvuvi, mkulima wa mwani au nahodha aliyesaidia, iwapo ameridhia kutajwa.

(e) Jina la kienyeji liandikwe kama lilivyosikika, na kutajwa ni la mahali gani. Jina moja huweza kutumika kwa viumbe viwili Unguja na Pemba, na kiumbe kimoja huweza kuwa na majina mawili Makunduchi na Micheweni.

(f) Panapokuwa na shaka, sampuli ihifadhiwe na ipelekwe kwa wenye ujuzi, kama vile Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Unguja. Kwa viumbe wa Ziwa Tanganyika, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania ina kituo chake Kigoma. Sura ya kiumbe peke yake isitumike kukata shauri.

Makome manne yaliyoteremshwa kwa njia ya Tabora yanaweza kuulizwa maswali hadi leo, kwa sababu yaliandikiwa mahali yalipotoka na yakatunzwa. Sampuli inayochukuliwa Chwaka au Wete inastahili kuandikwa kwa uangalifu huo huo, na jina la aliyeichukua likaandikwa pamoja nayo.